Mke Mwenza wa Ziwani

Wanawake waliokuja kushonesha nguo kwake walikuwa na utani mmoja, na hawakuuchoka. Wakikaa kwenye benchi pale mlangoni wakisubiri kupimwa, mmoja wao angechungulia chumba kizima, mpaka nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, kisha angeuliza, "Mke mwenzio hajambo? Ameshakula mwaka huu?"

Naye, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, angejibu, "Amekula, ameshiba, na sahani hajaosha."

Walicheka wote. Mke mwenza mwenyewe hakuwa mtu. Ilikuwa boti nyeupe yenye mstari wa kijani ubavuni, viti vinne na kiturubai cha kukinga jua. Mumewe aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, mwaka ambao kazi yake ya kutengeneza friji ilimkubali kuliko miaka yote. Haikuvua samaki. Haikubeba abiria wala mzigo. Kazi yake ilikuwa kumpeleka mwenyewe katikati ya ziwa Jumapili mchana, azime injini, akae. Watu wakamwita Kapteni, na jina likamganda, hata wenye friji mbovu wakawa wanampigia simu na kusema, "Kapteni, njoo, maziwa yanaharibika huku."

Kuinunua hakukuwa tabu. Tabu ilikuwa kuilisha. Kila mwaka maji ya ziwa yakipungua, boti ilinyanyuliwa kwa kreni ikawekwa juu ya magogo pale karakana, na hapo ndipo ilipofungua mdomo. Chini ilikwanguliwa majani na konokono, kisha ikapakwa rangi ya kuwazuia wasirudi, rangi ambayo kopo lake moja lingeweza kupaka nyumba nzima, kwa bei. Injini ilibadilishiwa mafuta na plagi. Palikuwa na bima, palikuwa na leseni, palikuwa na mkaguzi wa kutazama kama maboya ya kuvaa bado yanaelea, na yeye pia hakuja bure. Kisha ada ya kuegesha gatini, ambayo ililipwa ya mwaka mzima, boti itoke isitoke. Na kreni ilidai ikinyanyua, ikadai tena ikishusha.

Kapteni alilipa. Pesa za friji zisipotosha, mkewe aliongezea za cherehani, shingo upande. Viti vyote vinne alivishona yeye, na kiturubai pia. Lakini kuipanda hakuipanda hata siku moja. Tangu utotoni aliogopa maji yoyote yanayopita magoti.

"Mwaka huu utapanda," mumewe alimwambia kila boti ilipotoka karakana ikinuka rangi mpya.

"Mwakani," alimjibu. Ikawa ndiyo salamu yao.

Jumapili jioni Kapteni alirudi amebabuka pua kwa jua, akavua viatu mlangoni, akasema kama mtu anayesoma habari, "Leo umeanika mashuka mawili na kitambaa cha njano."

"Nani kakwambia?"

"Nimekuona."

"Umepita uani kama mwizi, eti umeniona."

Mke alikuwa na kawaida ya kuloweka kitambaa cha pamba na kukianika kabla ya kukikata, ili nguo ya mteja isije ikaruka juu ya magoti baada ya kufuliwa. Kwa hiyo kamba ya nyuma ya nyumba haikukosa kitu. Alijiambia kuwa jirani ndiye mpelelezi wa mumewe, akaliacha jambo hilo.

Kitu kimoja tu cha boti kilikaa nyumbani, nacho ni kizibo. Nyuma ya boti, chini kabisa, palikuwa na tundu la kutolea maji ya mvua ikiwa nchi kavu, na tundu hilo lilizibwa kwa kizibo cha shaba cha kukaza kwa mkono, kinene kama kidole gumba. Zamani watu wa karakana walikipoteza, na Kapteni akaapa kuwa hakitalala tena ugenini. Tangu hapo, boti ikipanda nchi kavu alikifungua mwenyewe, akakifunga kwenye kitambaa na kukiweka kwenye droo ya cherehani ya mkewe, kati ya vifungo na chaki. Boti ikirudi majini, alikuja kukichukua.

Watu wa kreni nao waliuzoea utaratibu wake. Boti itaning'inia kwenye mikanda juu ya maji. Kapteni atapanda, atainama nyuma, atakaza kizibo, kisha atagonga ubavu mara mbili kwa kiganja. Ndipo washushe. Asipogonga hawashushi, hata wakae hapo mpaka kiyama. Mkewe aliyajua hayo kwa kusimuliwa mezani. Hata kukaza alifundishwa kwa maneno, kwa kuwa Kapteni hakuweza kusimulia kitu bila kukifundisha. "Unakaza kwa mkono. Usikaze kwa hasira. Kikikataa, ukiache."

Yeye alichojua kwa macho ni droo. Droo ikiwa haina kizibo, mumewe ana mahali pa kwenda Jumapili. Kizibo kikiwemo, mumewe yuko nyumbani, anazunguka vyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kizibo kilikuwemo siku Kapteni alipofariki. Alikuwa anapandisha kompresa ngazini kwa mteja, kifua kikambana, akaketi kwenye ngazi na kuomba maji. Maji yalipofika, hakuwepo wa kuyanywa.

*

Msiba uliisha, watu wakarudi makwao, boti ikabaki juu ya magogo.

Simu za karakana zilianza kwa pole na kuishia kwa madai. Mwezi ukiisha, mwaka mpya wa boti unaanza: maegesho, bima, leseni, vyote pamoja. Mwezi huohuo ndio ambao mwenye nyumba alidai kodi ya mwaka ya chumba cha cherehani. Miaka yote mume alibeba boti na mke alibeba chumba, wakisaidiana pale mzigo ulipomlemea mmoja. Sasa mabega yalibaki ya mtu mmoja. Na mwenye nyumba hakuwa na haraka ya kumbembeleza. Muuza simu mmoja alishakuja kupima upana wa mlango kwa futi kamba, mchana kweupe, wakati yeye anashona.

Wakakutana watatu mle chumbani: yeye, binti yake anayeuza kwenye duka la dawa, na mdogo wa marehemu, muuza viatu, mtu wa maneno mengi na miguu iliyovaa vizuri.

"Shemeji," akaanza muuza viatu, "ile boti ndiyo jina la kaka. Ukiiuza, watu watasema nini?"

"Watasema imeuzwa," akadakia binti.

"Naongea na mama yako."

"Na mimi naongea na karakana, baba mdogo. Kila wiki wananipigia mimi."

"Basi tuchange. Sisi si familia?"

"Haya. Anza wewe."

Baba mdogo akakohoa. Akatazama ncha za viatu vyake, akapangusa kimoja kwa nyuma ya suruali. "Mwezi huu viatu vimelala," akasema. "Watu wanatembea tu."

Mama mtu alikuwa anapindua pindo la sketi. Alikata uzi kwa meno ndipo akasema, "Mfuko ni mmoja. Nikilipa boti, cherehani nitaiweka wapi? Ndani ya boti?"

Hakuna aliyecheka.

"Itauzwa," akasema. "Shemeji, usinune. Hata mimi sijapenda."

Mnunuzi alipatikana kupitia duka la dawa. Alikuwa daktari wa meno, mtu mpole mwenye mikono misafi, na mkewe aliyependa kuuliza. Sharti lao lilikuwa la haki: waione inaelea, wasikie injini ikiwaka, ndipo watoe pesa. Siku ikapangwa, na zilibaki chache mwezi kwisha.

Asubuhi hiyo, kabla ya kutoka, alianika kitambaa chekundu cha mteja. Kisha akafungua droo. Akakichukua kizibo, akakiingiza kwenye mkoba bila kukifungua kitambaa chake, akafunga droo kwa goti kama alivyozoea.

*

Karakana ilikuwa imekaa ukingoni mwa ziwa, nyuma ya ukuta mrefu wa mabati. Boti ilikwishaning'inia kwenye mikanda miwili mipana, ikiyumba kidogo, chini yake bado nyekundu kwa rangi ambayo Kapteni aliilipia mwenyewe na hakuiona ikikauka.

Mke wa daktari alimvuta pembeni. "Mama, tuambiane ukweli wa wanawake. Hii kitu kwa mwaka inakula kiasi gani?"

"Haili kitu!" muuza viatu akaruka kutoka alikosimama. "Mafuta kidogo tu na kuifuta vumbi."

Binti akamkanyaga mguu, na haikujulikana kama anamkanya au anamuunga mkono.

Mama mtu akatazama mikono yake. Chumba chake kilikuwa kinaning'inia kwenye mikanda ileile pamoja na boti. Neno moja baya, hawa watu wataingia kwenye gari lao waende. Lakini alikuwa ameshona nguo za watu miaka mingi, na hajawahi kumwambia mtu kitambaa hakirudi na kufupika kikiloweshwa wakati anajua kinarudi.

"Inakula," akasema. "Itakula kama mtoto wa shule ya bweni. Kuipandisha, kuishusha, kuikwangua, rangi, injini, bima, leseni, maegesho. Kila mwaka, mtoke msitoke. Mwaka mwingine itaongeza jambo ambalo hamkulitegemea. Mume wangu alikuwa fundi, mengine alijifanyia."

Mke wa daktari akamtazama mumewe. Daktari akakuna kidevu. "Kukwangua ndiyo kazi yangu," akasema taratibu. "Angalau huyu hatapiga kelele." Mkewe akacheka, na binti akaweza kupumua.

Msimamizi wa kreni, mzee mwenye kofia ya chuma iliyopauka, akainua mkono. "Familia! Nani anapanda?"

Muuza viatu akajitokeza, akanyoosha kola ya shati. Yeye ndiye mwanamume aliyebaki katika ukoo, na siku nyingi alikuwa amemsindikiza kaka yake pale na kumtazama kutoka kwenye kivuli. Akapanda ngazi, akaingia ndani ya boti. Akaenda nyuma, akainama kama kaka yake alivyokuwa akiinama, kichwa chini, muda wa kutosha mtu kusoma dua fupi. Hivyo ndivyo alivyodhani siku zote, kuwa kaka alikuwa anaiombea. Kisha akainuka, macho yamemlenga machozi, akagonga ubavu wa boti mara mbili kwa kiganja.

Msimamizi wa kreni aliposikia mlio ule, alivua kofia yake kidogo, akairudisha. "Kapteni," akasema kwa sauti ya chini. Akaashiria. Mnyororo ukaanza kushuka.

Mama mtu alikuwa amesimama gatini, mkono ndani ya mkoba.

Yeye peke yake, kati ya wote waliokuwa pale, alijua kuwa mgongo ule ulioinama ulikuwa wa uongo, maana kizibo alikuwa amekishika. Alikihisi ndani ya kitambaa, mistari yake ya kukazia, uzito wake mdogo. Kulikuwa na neno la kusema, neno jepesi tu, "Ngojeni." Alikuja amepanga kumpa fundi wa karakana mkononi. Lakini ilimjia kuwa kikishatoka mkobani hakitarudi tena kwenye droo, si mwaka huu, si mwaka wowote, na hapatakuwa tena na mtu wa kuja kukidai huku akisema mwaka huu utapanda. Maadamu bado kimo mkononi mwake, kuna jambo ambalo halijamalizika. Midomo ikawa mizito. Akanyamaza.

Boti ikagusa maji, ikatulia vizuri kabisa. Mikanda ikalegea. Daktari akatabasamu na kupiga picha.

Kisha nyuma ikaanza kukaa chini.

"Hee!" Muuza viatu aliruka juu ya kiti. "Maji! Maji humu ndani! Viatu vyangu!"

"Kizibo!" msimamizi akapaza sauti. "Si umegonga wewe?"

"Nimegonga, ndiyo! Kaka si alikuwa anagonga?"

"Alikuwa anagonga akishakaza!"

"Kukaza nini?"

Mzee wa kreni akashika kichwa. Mtu wa ofisini akatoka mbio, na hata katika haraka ile hakusahau kazi yake. "Tukiinyanyua tena ni malipo mapya, nasema mapema! Kupanda na kushuka, yote mawili!"

Daktari alikuwa ameshusha simu yake. "Mlisema nzima," akasema, bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mkewe alikwishashika mkono wake. Binti akageuka na kumtazama mama yake, uso umemwiva, na machoni mwake palikuwa na chumba cha cherehani chenye simu zilizopangwa dirishani.

"Haivuji," mama mtu akasema. Sauti haikutoka. Akasema tena. "Haivuji. Kizibo ninacho mimi."

Wote wakamtazama. Alikuwa amekitoa, kimelala kiganjani, shaba tupu.

"Nirushie, shemeji!" muuza viatu akapiga kelele kutoka juu ya kiti.

"Utakidaka?"

Muuza viatu akatazama maji, akatazama mikono yake. "Sijui," akakiri.

"Mama, mpe mzee," binti akasema. "Mama! Unakwenda wapi? Wewe hata beseni unaliogopa!"

Lakini mzee wa kreni mguu wake mmoja haukukunjika, na mtu wa ofisini alikuwa amevaa suti. Mama mtu akavua kandambili. Mtu akamvisha boya la njano kifuani, hakujua ni nani. Akashuka ngazi ya chuma ya gati akiwa ameelekea ukutani, akihesabu pumzi, na mguu wake ukaning'inia ukitafuta mahali, ukapata. Boti ikayumba chini yake.

"Shika kiti, shemeji," muuza viatu akasema, sauti imekuwa ya kitoto. "Kiti hiki hapa."

Akakishika kiti. Mshono aliutambua kwa vidole. Akapiga magoti kwenye maji ya baridi, akainua kifuniko cha nyuma, akaingiza mkono mpaka kwapani, shavu likigusa maji. Hakuona kitu. Alitafuta kwa kiganja mahali maji yanaposukuma, akalipata tundu, likimsukuma kama mtoto anayekataa kulishwa. Akaweka kizibo. Kikateleza. Akaweka tena.

Kwa mkono. Usikaze kwa hasira.

Kikazunguka, kikazunguka, kikakataa. Akakiacha.

Akakaa hivyo kidogo, mkono ukiwa bado ndani, kwa kuwa alikuwa analia na hakutaka gati nzima imwone. Muuza viatu aliona. Akageuza uso, akajifanya anakamua soksi.

Kisha mama mtu akainuka na kugonga ubavu mara mbili.

Safari hii mzee wa kreni alivua kofia, akaishika kifuani mpaka mikanda ilipotolewa yote.

*

Maji yalitolewa kwa pampu. Daktari aliingia, akatazama nyuma kwa muda mrefu, akaona pamekauka. Injini ilikohoa, ikawaka. Mke wa daktari akaingia naye, akaketi mbele.

"Mama, nikusaidie kushuka?" daktari akauliza.

Alikuwa bado ameshika kiti, nguo zimemganda mwilini. Gati lilikuwa karibu, mkono tu. Binti alikuwa ameunyoosha wake tayari kumvuta.

"Nizungusheni," akasema.

"Mama?"

"Mara moja tu. Kisha mtalipa."

Wakaondoka polepole. Aliyafumba macho mpaka sauti za karakana zikapotea. Alipoyafumbua, maji yalikuwa pande zote, mengi kuliko alivyokuwa akiyaogopa, na hayakuwa na habari naye. Walipofika mbali akaomba injini izimwe. Daktari akaizima.

Kimya kikashuka. Hiki ndicho mumewe alichokuwa akikifuata, akajisemea, kimya ambacho simu ya friji haikifikii. Na ukweli ni kwamba kimya hicho kilimuuma miaka yote. Mtu anayetaka mahali asipotafutwa, hatafutwi na mkewe pia. Jumapili ngapi alianika nguo peke yake huku akiwaza hivyo.

Boti ikajigeuza yenyewe kidogo kidogo, na kilima cha mji kikaja mbele yake. Mapaa, ukuta wa shule, tangi la maji la bluu. Chini ya tangi, paa lenye kiraka. Nyuma ya paa, kamba. Na kwenye kamba, kidogo kama ukucha lakini wazi kabisa, kitambaa chekundu kikipepea.

Akaweka mkono mdomoni.

Kitambaa kikainuka, kikashuka. Mtu akitoka pale na kapu la nguo mbichi angeonekana. Mtu akiinua mikono kubana kibanio angeonekana. Akikosea na kulirudia shuka, hata hilo lingeonekana.

Waliporudi, daktari alimlipa binti ofisini, yote, bila kupunguza. Mama mtu alimwambia mke wa daktari, "Ikipanda nchi kavu, kizibo kilale nyumbani. Na anayegonga awe yule aliyekaza." Muuza viatu akainamisha kichwa. Mama mtu akamshika bega, akamwambia, "Umeinama vizuri, shemeji. Ungemfurahisha."

Njiani kuelekea kwa mwenye nyumba, binti alibeba mkoba, kwa kuwa sasa ulikuwa na pesa, na kandambili za mama yake zililia maji kila hatua.

"Hukuogopa?"

"Niliogopa."

"Sasa mbona hukushuka?"

Akageuka nyuma. Kutoka barabarani ziwa halikuonekana, lilizibwa na mabati ya karakana.

"Alikuwa ananiona kweli," akasema. "Mimi nilidhani ni jirani."

Binti hakuelewa, akataka kuuliza. Lakini walikuwa wamefika mlangoni kwa mwenye nyumba, na mama yake alikwishanyoosha mkono kuuchukua mkoba.